Model 3 au Seal: ipi inachomoka zaidi, na ipi inachomoka kwenye barabara zetu?

Shemeji yangu anataka gari ya umeme na orodha yake imebaki na mbili tu, Tesla Model 3 na BYD Seal, na swali aliloniuliza lilikuwa moja: shem, ipi inachomoka? Hakuuliza viti, hakuuliza redio wala rangi. Aliniuliza mimi kwa sababu nilibeba abiria Dubai miaka miwili na kitu, na siku nyingi nilikuwa ndani ya Model 3 ya kawaida ile ya mota moja nyuma, alafu niliporudi Kampala nikapata kazi ya kuendesha Seal ya mota mbili ya bosi mmoja, kwa hiyo hizi gari mbili nazijua kwa mguu, si kwa video. Tuliongea kwenye simu mpaka dakika zikaisha na bado sikuwa nimemaliza, ndo nikaona niyaandike yote hapa maana najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Kwanza tuelewane tunalinganisha ipi na ipi, hapa ndo watu wanabishana saa nzima kumbe kila mmoja anasema gari tofauti. Model 3 iliyofanyiwa marekebisho 2023 ilitoka na ya mota moja inayofika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6.1, kuna Long Range ya mota mbili ya sekunde 4.4, alafu kuna Performance iliyokuja 2024 ambayo kwa karatasi inafika kwa 3.1. Seal inayouzwa nje ya China ina ya mota moja nyuma ya sekunde 5.9 na ya mota mbili ya 3.8, na hiyo 3.8 BYD wanaijivunia mpaka wameibandika kwenye buti, 3.8S, ukiwa nyuma yake kwenye foleni ya Jinja Road unaisoma bila shida. Kwa hiyo mtu akikwambia Seal inaipiga Tesla muulize Seal ipi na Tesla ipi. Seal ya mota mbili inaiacha Long Range kwa sekunde 0.6. Performance nayo inaiacha Seal hiyohiyo kwa 0.7. Zile za mota moja zimepishana 0.2 tu, na 0.2 hiyo dereva wa kawaida hawezi kuihisi hata umlipe.

Alafu kuna kitu kimoja kwenye namba za Tesla lazima ukijue kabla hujaanza kulinganisha. Utaona mahali wameandika Performance ni sekunde 2.9. Hiyo ni ya kufika maili 60, yaani kama kilomita 97, siyo 100, na zaidi ya hapo saa yao haianzi gari ikiwa imesimama kabisa, inaanza gari ikishasogea futi moja, kama sentimita 30 hivi. Ni desturi ya Wamarekani ya tangu kwenye mashindano yao ya kukimbia mstari mnyoofu, si wizi, lakini ni lazima ujue. Sentimita 30 inaonekana si kitu, ila hapo gari ndo inatoka kwenye sifuri kwa hiyo inakula muda, ukipiga hesabu kwa gari inayosukuma kwa nguvu ile unapata kama robo sekunde nzima. Kwa hiyo usichukue 2.9 ya Tesla ukaiweka kando ya 3.8 ya BYD ukasema tofauti ni karibu sekunde moja. Na hata 3.1 isome ukiwa na desturi hiyo kichwani, ukiirudishia robo yake pengo la 0.7 linaanza kukaribia nusu sekunde.

Sasa nusu sekunde au 0.7 ni nini barabarani? Mi napenda kugeuza sekunde ziwe mita maana mita unaziona. Chukua namba za karatasi kama zilivyo, uchukulie spidi inapanda sawasawa kama tulivyofundishwa fizikia. Siku Performance inafika 100, baada ya sekunde 3.1, imekula kama mita 43. Seal ya mota mbili muda huohuo iko kwenye kama kilomita 82 kwa saa na imekula mita 35. Mita 8. Taksi yetu ya abiria 14 haifiki mita 5, kwa hiyo Tesla imekutangulia taksi moja na nusu na kidogo. Hiyo ndo tofauti yote mnayobishania, taksi moja na nusu, tena mmeanza mmesimama, barabara iko wazi mbele, na wote wawili mmekanyaga mpaka chini. Niambie ni wapi Kampala unapata hali hiyo. Labda Entebbe Expressway ukitoka kulipa pale kwenye vibanda vya tozo, na hapo pia kikomo ni 100 kwa hiyo mchezo unaisha kabla haujaanza.

Lakini kilichonikaa kichwani zaidi ni hiki. Seal ya mota mbili ina kilowati 390, nguvu za farasi 530, na uzito wa kilo 2,185. Performance kwa karatasi za Ulaya ina nguvu za farasi 460, kama kilowati 338, na uzito kilo 1,851. Gawa uzito kwa nguvu: Seal kila kilowati inabeba kilo 5.6, Tesla kila kilowati inabeba 5.5. Ni kitu kimoja hicho! Marekani wao wanaitangaza Performance kuwa ya farasi 510, ukitumia hiyo unapata kama 4.9 na Tesla inakuwa na nafuu, sawa, nakubali, lakini bado si nafuu ya kuleta pengo lote lile. Na usiniambie ni upepo, maana umbo la Model 3 ya kawaida na la Seal limepimwa na watengenezaji wenyewe likatoa namba ileile, 0.219, wamelingana mpaka nukta ya tatu. Basi pengo limetoka wapi?

Mi naona sehemu yake nzuri imetoka kwenye tairi. Nguvu ukiwa nayo nyingi namna hii, pale mwanzo mota si tatizo tena, tatizo ni tairi kung'ata lami. Mota ya umeme inatoa msukumo wake wote tangu gari imesimama, haisubiri kupanda kama injini ya petroli, kwa hiyo kompyuta ya gari ile sekunde ya kwanza inafanya kazi ya kuibana mota ili tairi zisiteleze. Mwenye tairi inayong'ata zaidi anaruhusiwa nguvu zaidi mapema. Performance imevalishwa rimu za inchi 20, nyuma tairi ina upana wa milimita 275, mpira laini wa gari za kasi. Seal ina inchi 19, upana 235 mbele na nyuma, tena ni tairi za kubana matumizi ya umeme ambazo zimetengenezwa ziviringike kirahisi, na tairi ya kuviringika kirahisi haiwezi kuwa ndo hiyohiyo ya kung'ata.

Sasa chukua hiyo tairi ya nyuma ya Performance uilete Kampala. Ni 275/30, maana yake ule mpira wa pembeni kati ya rimu na lami ni asilimia 30 ya 275, kama milimita 82. Nane sentimita. Ya Seal ni 235/45, inakupa kama milimita 106. Sentimita mbili na kidogo zaidi za mpira kati ya rimu yako na shimo la barabara zetu hizi, na mashimo ya Kampala kila mtu anayajua, mengine yamejaa maji huwezi kujua kina chake mpaka umeshatumbukia. Nimeendesha Seal hii zaidi ya mwaka na rimu moja imeshapinda, moja tu, kwenye kona ya kushukia Bukoto usiku wa mvua. Na hiyo ni yenye milimita 106. Sitaki kufikiria 82. Alafu siku ukipasua, nenda soko la vipuri la Kisekka uulizie 275/30 ya inchi 20 ya kufanana na uliyonayo upande wa pili, watakuonyesha kila kitu isipokuwa hiyo, utaishia kuagiza, na wiki hizo unazosubiri gari imelala kwenye mawe. Watakaokushauri watasema badilisha uweke rimu za 18 na tairi za kawaida, na ni ushauri mzuri kabisa, hata mi ningefanya hivyo, lakini siku umefanya hivyo ile 3.1 yako umeiacha kwenye duka la tairi. Nguvu bado unayo ila mpira wa kuishusha chini huna tena, na sasa uko karibu sana na yule wa Seal uliyekuwa unamcheka. Hili ndo nilitaka shemeji alielewe kuliko yote: ule ushindi wa Tesla kwa sehemu nzuri unaishi kwenye tairi na kwenye lami nzuri, na vyote viwili kwetu ni vya kutafuta.

Mvua nayo ni habari yake. Wote mnajua ile mvua ya kwanza baada ya jua la wiki mbili, vumbi jekundu linageuka kama sabuni juu ya lami. Seal ina mfumo wanaouita iTAC, BYD wanasema badala ya kusubiri gurudumu liteleze ndo wapunguze nguvu, wao wanasoma mzunguko wa mota yenyewe ukianza kubadilika na kurekebisha kabla. Mi naweza kusema tu ninachohisi mguuni, ukikanyaga kwa nguvu barabara ikiwa na maji kuna mtikisiko mdogo sana alafu gari inanyooka na kwenda, haikwepi upande. Model 3 yangu ya Dubai ilikuwa ya magurudumu ya nyuma tu kwa hiyo si haki kulinganisha na Seal ya manne, ila siku chache ilizonyesha kule, na barabara za kule zikilowa ni mafuta matupu, ile gari ilikuwa inajizuia vizuri mno, unakanyaga inakataa kwa upole. Kwenye hili siwapi mshindi. Wote wamefanya kazi nzuri.

Twende sasa kwenye kuovateki, maana kwa barabara zetu hii ndo kuchomoka kwa kweli, hii inaokoa na inaua. Sifuri mpaka mia nafanya mara ngapi kwa mwezi? Hata mara moja sifanyi. Lakini sitini mpaka mia nafanya kila nikienda Jinja, mara kumi, mara kumi na tano. Uko Mabira, msitu pande zote mbili, mbele yako trela la kwenda Malaba mpakani linatambaa, au umefika Lugazi uko nyuma ya trekta la miwa limejaza mpaka miwa inaning'inia, nyuma yako kuna watu washaanza kupiga honi, na kona inayofuata haiko mbali. Hapo hauanzi umesimama. Tairi hapo si kikwazo tena kwa sababu gari tayari inatembea, hapo ni nguvu na uzito tu, na tumeshaona kwenye nguvu na uzito Performance na Seal ya mota mbili zinakaribiana. Kwa hesabu yangu ya kalamu, si ya mashine, kutoka 60 mpaka 100 zote mbili zinatumia sekunde mbili au chini kidogo, Tesla mbele kwa vinukta vichache. Pengo lile la taksi moja na nusu hapa halipo. Kwenye spidi kubwa zaidi ya hapo Tesla itaanza kumwacha tena, Seal imefungiwa kwenye 180 na Performance inaenda mpaka 262, lakini mtu anayetembea 180 Uganda hii, barabara hizi zenye watoto wa shule na mbuzi na boda zinazotoka kwenye njia ya vumbi bila kuangalia, huyo sina la kumshauri kwenye gari.

Na zile za mota moja? Hizo kwa hesabu hiyohiyo zinataka kama sekunde mbili na nusu mpaka tatu. Kwa hiyo ukinunua ya mota mbili badala ya moja umejinunulia kama sekunde moja upande wa pili wa barabara, na sekunde hiyo si ya kudharau: wewe uko kwenye 90, yule anayekuja yuko kwenye 80, mnakaribiana kwa kasi ya 170, sekunde moja ni mita 47. Hizo ndo mita za maana. Wakati ule mwingine wa karatasi, 3.1 na 3.8, ni mita nane za majivuno. Kama una hela ya kuongeza kwa ajili ya kuchomoka, iweke kwenye kutoka mota moja kwenda mbili, usiiweke kwenye kutoka Seal ya mota mbili kwenda Performance.

Ila hata ya mota moja msiione ndogo, tafadhali. Watu wanasikia sekunde 5.9 baada ya kusikia 3.8 wanaona kama ni mzee anatembea na mkongojo. Wewe umetoka kwenye Premio au kwenye Harrier ya zamani, na kuna jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuliwaza, Kampala iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi kuliko Mombasa au Dar, na injini ya petroli isiyo na tabo inaishi kwa hewa, inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake papa hapa mjini, na ukipanda Kabale, karibu mita 2,000, inapoteza zaidi. Mota ya umeme haivuti hewa. Namba ile iliyopimwa Ulaya karibu na bahari unaipata ileile Kampala, unaipata ileile Kabale. Kwa hiyo gari yako ya petroli haijawahi hata siku moja kukupa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu chake tangu iteremke Uganda, alafu unahamia kwenye hii inayokupa yote. Ndo maana watu wakikaa mara ya kwanza wanapiga kelele.

Na mlima. Mlima unamnyonya mnyonge zaidi. Mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100 unakula kiasi kilekile cha uchomokaji kwa kila gari, mwenye mwingi anabaki nao mwingi, mwenye kidogo anabaki akihema. Seal ya mota moja ya 5.9, au Tesla ya 6.1, kwenye mwinuko huo zinapoteza kama moja ya tano hivi ya uchomokaji wao wa tambarare na bado zinaenda. Gari ndogo ya petroli inayofika mia kwa sekunde 11 au 12 inapoteza kama asilimia 40. Panda kwenda Kapchorwa na watu wanne ndani utaelewa bila kuchora.

Hapo kwenye watu wanne kuna jambo linaipendelea Seal kidogo. Model 3 ya mota moja ni kilo 1,765, Seal ya mota moja ni 2,055, tofauti ya kilo 290, na Seal inaziba uzito huo kwa mota kubwa ya kilowati 230. Mnapokuwa peke yenu zinalingana. Weka watu wanne na mizigo, tuseme kilo 300, Tesla imeongezewa asilimia 17 ya uzito wake, Seal imeongezewa 14 na kitu. Kwa hiyo kijijini Desemba, gari imejaa, magunia na ndizi na shangazi amekaa mbele, ni Seal inayoona kama hakuna kilichoongezeka. Ni kidogo lakini ipo. Upande mwingine, siku unapofunga breki ghafla au unapokata kona, wepesi wa Tesla unaushukuru, na hii nasema nikiwa naendesha Seal kila siku. Tesla inageuka kama imekushika mkono. Seal inageuka vizuri pia ila unajua umebeba kitu.

Mguuni zina tabia tofauti. Tesla pedali yake ni ya moja kwa moja, unagusa inaruka, unaachia inajifunga yenyewe mpaka kusimama, wiki ya kwanza Dubai nilitapisha abiria mmoja mama wa watu, nikajifunza kuweka kwenye Chill, ile hali ya mwendo wa upole, na tangu hapo nimeelewa kwamba gari ya umeme haikanyagwi, inabembelezwa. Seal kwenye Eco na Normal inakuja kwa ulaini, kama inakuuliza una uhakika, alafu ukiweka Sport inafunguka yote. Ukiachia pedali haijifungi sana, haifiki kusimama yenyewe, mguu lazima uende kwenye breki. Kwa foleni za hapa Kampala mi naona Tesla ina raha zaidi kwa hilo la pedali moja, ila kwa mtu anayetoka kwenye petroli leo asubuhi, Seal haimshtui.

Na kama tuko kwenye kuovateki acha niseme na hili maana linanikera kwa dhati: Model 3 ya 2023 waliiondolea ule mkono wa indiketa, wakaweka vitufe kwenye usukani. Barabara iliyonyooka sawa. Lakini uko kwenye mzunguko, usukani umeugeuza, kitufe cha kushoto sasa kiko chini au kiko juu, na boda tatu ziko pembeni yako zinataka kujua unaenda wapi. Kwenye nchi yenye boda kama hii indiketa ni usalama wa mtu mwingine ambaye hana bati la kumkinga. Seal ina mkono wa kawaida. Kwa mi hii ni pointi nzito kuliko ile 0.7.

Betri nayo inaingia kwenye kuchomoka zaidi ya watu wanavyodhani. Ile namba ya sekunde 3.8 au 3.1 ni betri ikiwa imejaa vizuri na ina joto lake. Chaji ikishuka, nguvu inashuka, gari yoyote ya umeme iko hivyo, ukiwa na asilimia 10 unakanyaga na unaona kabisa imekuwa nzito. Kwa hiyo safari ya Mbarara usiipange ufike kwenye vilima na malori ukiwa umebakiza asilimia 10, siyo tu kwa kuogopa kukwama, pia kwa sababu ile nguvu ya kupita lori ndo hiyo imekwisha. Seal zote zinatumia ile betri wanayoiita Blade, ya chuma na fosfeti, na Model 3 ya mota moja nayo ni ya aina hiyo ya kemikali. Aina hii haipendi baridi kali, Ulaya wanalalamika asubuhi za Januari gari imelegea. Kampala hatuna asubuhi hizo. Hapa hali ya hewa imekupa zawadi bure.

Kuhusu kuipata na kuileta sitaingia ndani sana. Usukani wa kulia upo kwa zote mbili, zinauzwa Uingereza, Australia na Japani. Angalia tundu la chaji kabla hujatuma hela: ya Uingereza na Australia ni CCS2 kwa zote, Tesla ya Japani ina tundu la Kimarekani, Seal ya Japani ina CHAdeMO. Ukiona Seal ya bei rahisi mno ikitoka China kwenyewe, ujue usukani uko kushoto na tundu ni lingine kabisa. Tesla hawana Supercharger, vile vituo vyao vya chaji ya haraka, Uganda, kwa hiyo wote wawili mtachaji nyumbani na sehemu chache zilizopo. Kwa bei, 2024 Uingereza Seal ya mota mbili ilikuwa chini kidogo ya pauni 49,000 na Performance karibu 60,000. Pauni elfu kumi na moja kwa taksi moja na nusu, tena kwa tairi ambazo utazibadilisha.

Kwa hiyo nilimjibu hivi. Kama swali ni ipi inachomoka zaidi, basi, ni Performance, hakuna wa kubisha, na mtu anayekaa karibu na Expressway, ana hela za tairi, anataka kuhisi kifua kinabanwa, aichukue kwa moyo mweupe, ni gari nzuri sana. Kama anataka kuchomoka kwa barabara za hapa, Seal ya mota mbili inampa karibu kila kitu ambacho Performance ingempa ikishavalishwa tairi za akili, na chenji inabaki. Long Range ya Tesla kwa 4.4 nayo si ya kuipuuza, hasa kwa anayesafiri mbali maana kwa chaji moja inaenda mbali kuliko hizi nyingine. Lakini yeye, na mi namjua, anaendesha Ntinda mpaka mjini na kurudi, mara moja moja Jinja kwa mama, na nyumbani kuna vijana wawili ambao wameshaanza kuomba funguo. Nilimwambia chukua ya mota moja, shem, yoyote kati ya hizo mbili, na mi nikilazimishwa naenda na Seal kwa ajili ya mkono wa indiketa. Akanyamaza kidogo akauliza, lakini ile ya 3.8 si ina maandishi nyuma? Nikamwambia ina. Jumamosi nakuja na gari ya bosi, ameshaniruhusu, tunaenda mpaka Lugazi na kurudi, yeye akiwa kwenye usukani, alafu aamue mwenyewe kama mita 47 anazihitaji.